Majani ya Ruzizi: urithi tunaouchoma

Kila tukikutana juu ya mila tunazungumza ngoma, mahari na majina ya ukoo. Ni vizuri. Lakini kuko urithi mmoja hatuutaji, kwani tunaukanyaga kila siku: majani ya malisho. Wazee husema: «Majani ni ya Mungu, hakuna mutu anayeyapanda.» Vijana nao wanangoja projeti ilete mbegu. Mimi ninakataa maneno yote mawili.

Majani yanayoitwa Brachiaria ruziziensis yalipewa jina la mto wetu mwaka 1953, na Germain na Evrard, wataalamu wa mimea wa wakati wa Wabelgiji. Yalienda mbali. Kule Thailand wakulima wadogo wamevuna mbegu yake kwa mikono na kuiuza. Kule Colombia, kituo cha CIAT kiliyafanya kuwa mama mwaka 1988, kromosomu zake zikiwa zimekwisha kuzidishwa mara mbili, yakachanganywa na ndugu yake brizantha. Ndimo ilimotoka Mulato.

Kwa nini ya kwetu kuwa mama? Kwa sababu brizantha huzaa mbegu bila kuchanganya damu: mtoto ni sura ya mama tu. Ruziziensis inahitaji chavua ya shina lingine, basi watoto wanatofautiana. Na penye tofauti, mutu anaweza kuchagua.

Mulato ya kwanza ilikuwa na majani mengi lakini mbegu kidogo. Baadaye ikaja Mulato II. Leo mfugaji wa Kenya anainunua dukani. Damu ya Ruzizi inarudi Afrika kwa bei!

Mtaniambia ruziziensis haivumilii ukame kama brizantha. Ni kweli. Mvua ikikatika mapema, mashuke yanabaki na maganda matupu. Lakini hiyo ni sababu ya kuchagua, si ya kuacha! Mama zetu wa Sange hawapiki mahindi yote. Magunzi mazuri wanayaweka kwa mbegu. Tufanye vile vile. Wakati wa kiangazi tutie alama mashina yanayobaki mabichi na yaliyojaza mbegu. Tuyapande pamoja, mbali na mengine, na kung'oa dhaifu mbele hayajachanua. Mbegu iliyokomaa hudondoka, kwa hiyo ikusanywe kidogo kidogo. Tena ile mpya hulala, inafaa ingoje miezi kadhaa mbele ya kupandwa.

Badala yake, sisi kila kiangazi tunawasha moto. Halafu mwenye ng'ombe akikosa majani anaingia ku shamba ya mwenzake, na ugomvi unaanza. Tunadai mahari ya ng'ombe, lakini ng'ombe huyo atakula nini?

Basi ninaomba jambo moja: shirika letu, machifu na maagronomu wa INERA Mulungu watenge shamba moja la mbegu hapa Sange, lisilochomwa wala kuchungiwa. Tuko na ardhi, tuko na jembe, na majani yenyewe ni ya kwetu. Kiangazi kijacho tuanze kutia alama.