PICHA ZA MARA ZISIISHIE KWA NYUMBU

Ukiingia katika ofisi nyingi za hapa Visiwani hukosi kukuta ukutani kalenda yenye picha ya Serengeti: nyumbu wakijitosa katika Mto Mara, simba juu ya jabali, au mgunga uliosimama peke yake jua likichwa. Hatuna ugomvi na picha hizo. Ni nzuri, na hifadhi ile, iliyoanzishwa mwaka 1951 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, inastahili sifa zake zote. Lakini mtu aijuaye Mara kwa kalenda peke yake ataamini kwamba nchi ile haina wenyewe.

Kamera imeifanyia Serengeti kazi kubwa. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka mwaka 1959, ndiyo iliyoyafanya mataifa ya mbali yaitambue mbuga hiyo. Na Michael hakuiona ikikamilika, kwani alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Januari mwaka huo huo. Hata wataalamu wanaotaka kujua idadi ya nyumbu hupanda ndege, wakapiga picha kutoka juu, kisha wakakaa kuhesabu vichwa katika picha hizo. Kwa njia hiyo serikali imeweza kusema kwamba nyumbu wanapita milioni moja. Picha, basi, si pambo tu. Ni hesabu, na ni ushahidi.

Ushahidi huo haujatolewa vya kutosha kwa mambo mengine ya Mara. Nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, katika Wilaya ya Serengeti, pana kilima ambacho juu yake Wajerumani walijenga ngome ya mawe katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ndiyo Ngome ya Ikoma. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na ya Wabelgiji yalipigana hapo, na waliokufa kwa pande zote mbili wengi walikuwa askari Waafrika ambao ugomvi ule haukuwa wao. Baadaye ngome iliwahi kugeuzwa hoteli ya watalii. Leo ni magofu. Asubuhi, jua linapozipiga kuta zile na uwanda umetandazika chini yake, mpiga picha hahitaji mnyama hata mmoja.

Tarime nayo ina uzuri wa namna yake. Huko barabara hupanda kutoka upande wa ziwa hadi kwenye baridi ya nyanda za juu, kwenye migomba na kahawa, na mawe makubwa ya matale yamepangana juu ya vilima kama kwamba yamewekwa kwa mkono. Wageni wenye kamera za thamani huyapita kwa vumbi, wakiwahi wanyama.

Sisi wa Visiwani tunayasema haya kwa uchungu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka mbele ya macho yetu. Jumba hilo angalau lilikuwa limepigwa picha tangu siku zake za mwanzo. Picha za kale hutuonyesha mnara uliosimama peke yake mbele yake, ambao ulibomolewa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Bila ya wapiga picha wa wakati ule, nani leo angeweza kutuambia mnara ule ulikuwa na umbo gani? Ukuta wa Ikoma ukianguka usiku mmoja wa masika, hatuna hakika kwamba atapatikana shahidi wa namna hiyo.

Tena pana jambo la sheria, na hapa tunawaelekea wakuu wa serikali. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara ya mwaka 1964 huyalinda kwa umri wake majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye, kama ngome hii, huhitaji tangazo la Waziri. Na Waziri atalitangazaje jambo ambalo hajaletewa hata picha yake mezani?

Rai yetu ni kwamba halmashauri za wilaya hizi mbili ziwatume vijana wenye kamera, hata za simu, wapige kila ukuta, kila jiwe lenye jina na kila mti wa mkutano, waandike tarehe na mahali, na wawaulize wazee majina yake. Wazee waombwe idhini kwanza. Si kila mahali pa heshima pa kupigwa picha, na uso wa mtu si mali ya mpita njia. Nao maofisa wasiwe wepesi wa kumfukuza kijana mwenye kamera kwa kudhani ni mpelelezi.

Nakala moja ikae Mugumu, moja Tarime, moja ipelekwe Idara ya Mambo ya Kale. Wakitukumbuka na sisi kwa nakala ya nne, tutaitundika ukutani kando ya nyumbu.