Hesabu ya Moto na Hesabu ya Saa

Juma hili nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wanafunzi wetu wengi huliogopa, nalo ni elimu ya kemia. Hasa ile sura isemayo juu ya mabadiliko ya vitu, mwendo wake, na joto liingialo au litokalo. Nisingalithubutu kulileta mbele yenu kama si mambo yaliyotupata nyumbani kwetu, katika uwanda wa Kano.

Kaka yangu mkubwa ni mkulima wa miwa. Miwa yake ilikatwa siku ya Jumatatu, kwa kuwa aliahidiwa ya kwamba lori lingefika kesho yake. Lori halikuja Jumanne wala Jumatano. Lilikuja Jumamosi adhuhuri. Muda huo wote miwa ililala kando ya njia, juani. Mwanawe, kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aliwekwa kuilinda, naye akaketi juu ya rundo na kitabu chake cha kemia. Nilipopita hapo aliniambia, "Baba mdogo, sura hii nimeisoma mara tatu, wala sioni itamfaa nini mtu wa Kano." Nikamjibu, "Mwanangu, sura hiyo umeikalia."

Mimi ni karani, na kazi ya karani ni vitabu vya hesabu. Ofisini tuna kitabu cha fedha, na tuna kitabu cha saa za kuingia na kutoka. Vitabu hivi havichanganywi. Mtu aweza kuwa na fedha kamili na hali amechelewa kazini, au akafika mapema na mkononi hana hata senti. Vivyo hivyo kila badiliko la kikemia lina hesabu mbili: hesabu ya joto na hesabu ya muda. Wanafunzi wengi huanguka katika mitihani kwa kuzichanganya hizo mbili.

Tuanze na joto. Mtu atokaye Kisumu kwa njia ya reli ya zamani, iliyofika ziwani mwaka 1901, hupita Miwani, Kibigori, Chemelil na Muhoroni, kisha hufika Koru. Huko Koru kuna mawe ya chokaa, nayo huchimbwa na kuchomwa tanurini. Jiwe hilo halikubali kubadilika bure. Hudai moto mkali wa kadiri ya digrii 900. Gramu 100 za jiwe safi, zikiisha kuchomwa, hutoa gramu 56 za chokaa isiyozimwa na gramu 44 za hewa ya kaboni dayoksaidi. Kwa badiliko hilo jiwe humeza joto la kilojuli 178. Hili ndilo badiliko linyonyalo joto.

Je, joto hilo limepotea? La, limewekwa akiba ndani ya chokaa. Fundi aimwagiapo maji huona mwenyewe: chokaa hutokota na kufoka moshi wa maji ijapokuwa hakuna kuni chini yake. Ndiyo sababu haifai kuizima chokaa huku umeinamia, wala watoto wasikaribie, kwani tone moja laweza kuharibu jicho. Zile gramu 56, zikizimwa kwa maji, hutoa kilojuli 65. Baadaye chokaa iliyozimwa hupakwa ukutani, nayo polepole huivuta tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani mpaka iwe jiwe kama ilivyokuwa kwanza. Na katika kugeuka huko hutoa kilojuli 113. Sasa jumlisheni: 65 na 113 ni 178. Deni limelipwa lote, wala haikubaki hata senti.

Jambo hili ndilo alilolitangaza Germain Hess huko Urusi mwaka 1840, ya kwamba jumla ya joto haitegemei njia iliyopitwa, bali mwanzo na mwisho tu. Mwanafunzi akikumbuka ukuta wa nyumba yao uliopakwa chokaa, hataisahau kanuni ya Hess.

Lakini tazameni tofauti ya mwendo. Chokaa huzimika kwa dakika chache, na ukuta hukaa siku nyingi ukigeuka kuwa jiwe. Na hali huu wa ukuta, uendao polepole, ndio utoao joto jingi zaidi. Basi wingi wa joto hautuambii upesi wa badiliko. Sukari iliyo mezani ni mfano mwingine. Kilo moja ikiungua yote hutoa kilojuli kama 16,500, na hewa ya kuiunguza imeizunguka mchana na usiku. Hata hivyo yaweza kukaa kabatini mwaka mzima bila kuungua. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya kushuka hapana budi kwanza kupanda. Jiwe lililo juu ya milima ya Nandi lingeweza kuporomoka mpaka Kano, lakini mbele yake kuna ukingo, na lazima lisukumwe kuuvuka. Nguvu ile ya kusukuma ndiyo vitabu vinayoiita nguvu ya kuanzia. Kiberiti huitoa. Nacho kichocheo hufanya jambo jingine: hakiongezi nguvu, bali huonyesha pengo la chini katika ule ukingo, ili mawe mengi yapite kwa msukumo mdogo.

Sasa turudi kwenye rundo la miwa. Muwa ulio shambani umejaa sukari ambayo vitabu huiita sukrosi. Ukishakatwa, sukrosi hiyo huungana na maji na kupasuliwa kuwa sukari mbili, glukosi na fruktosi. Mlaji hajali, kwani zote ni tamu. Lakini kiwandani hizi mbili hazigandi kuwa chembe nyeupe, huishia katika molasi, na tena huzuia sehemu ya sukrosi iliyobaki isigande vema. Vichocheo viko ndani ya muwa wenyewe: kuna kimeng'enya, na maji yake yana uchachu wa asidi. Tena vijidudu huingia panapokatwa, huila sukari, na kuacha utelezi unaoziba mitambo.

Yafaa wanafunzi wetu wajue ya kwamba elimu ya mwendo wa kikemia ilianzia katika sukari hiyo hiyo. Mwaka 1850 Mjerumani aitwaye Ludwig Wilhelmy aliichanganya sukari ya miwa na asidi, akaipima kwa mwanga maalumu unaopindwa na sukari. Sukrosi huupinda mwanga huo kuume, na mchanganyiko wa zile sukari mbili huupinda kushoto. Kwa hiyo aliweza kutazama badiliko likiendelea bila kuligusa. Akaona ya kuwa mwendo hufuata kiasi kilichobaki. Ikiwa katika muda fulani gramu 80 zimekuwa 40, basi katika muda uo huo wa pili zitakuwa 20, na wa tatu 10. Maana yake ni kwamba hasara kubwa huja mwanzoni. Mwaka 1889 Svante Arrhenius wa Uswidi aliitumia sukari iyo hiyo kueleza nguvu ya joto juu ya mwendo. Walimu husema ya kwamba kuongeza digrii 10 huongeza mwendo kama mara mbili. Katika kupasuka kwa sukari kwa asidi huzidi hata kupita hapo. Basi fikirini jua la Kano la saa nane mchana!

Viwanda vyajua hayo. Maji ya miwa yakiisha kukamuliwa lazima yachemshwe, na kuchemsha kitu chenye asidi ni kuiharakisha hasara. Kwa hiyo kwanza hutiwa chokaa ili kuiondoa ile asidi, na uchafu hugandamana ukatua chini. Hata chokaa ina kipimo chake, kwani ikizidi huyatia maji weusi. Baadaye maji hupikwa katika masufuria makubwa yaliyonyonywa hewa, ili yachemke kwa digrii kama 60 au 70 badala ya 100. Hivyo hupunguza joto, na kuondoa kichocheo. Mambo hayo mawili ndiyo jibu la nusu ya maswali ya sura ile.

Je, mkulima asiye na mitambo afanye nini? Sheria ni zile zile. Asikate kabla ya kuwa na hakika ya lori, kwani ushauri wa kawaida ni miwa isagwe kabla ya saa 48 kupita. Asichome shamba mapema, maana miwa iliyochomwa huharibika upesi kuliko mibichi. Asiikate vipande vifupi bila sababu. Kila mkato ni mlango mpya, kama vile kuni zilizopasuliwa ndogo ziwakavyo upesi. Ikilazimu kungoja, aiweke kivulini au aifunike kwa majani yake, na iliyokatwa kwanza ipakiwe kwanza.

Kaka yangu hakuyafanya hayo, kwa kuwa alitumaini ahadi. Kwenye mizani uzito ulikuwa umepungua, maana jua lilikuwa limeyanywa maji ya miwa. Na kwa miaka mingi uzito ndio uliomlipa mkulima wa nchi hii. Sukari iliyopotea ndani haikuonekana na mtu, bali ilipotea vilevile. Fedha iliyopungua ilikuwa ya karo ya kijana yule yule aliyeketi juu ya rundo.

Jioni ile kijana aliichora mistari miwili katika daftari lake: mmoja wa chokaa ya Koru, unaoshuka na kupanda na kurudi ulipoanzia, na mmoja wa sukari, unaoshuka tu. Akauliza, "Baba mdogo, joto la chokaa lilirudi lote. Hizi siku tano nazo zitarudi lini?" Baba yake, aliyekuwa akihesabu noti chini ya taa, ndiye aliyemjibu: "Hizo hazirudi. Mwaka ujao tutakata baada ya kuliona lori kwa macho." Nami sikuwa na la kuongeza. Hesabu ya joto hulipwa, lakini hesabu ya saa haina marejesho.