Wanatuambia tuchague chuo vizuri. Kwa kanuni zipi?



Kila dirisha la udahili likifunguliwa, simu yangu inajaa swali lile lile kutoka kwa wadogo zetu wa Ilemela, Sengerema mpaka Ukerewe: "Dada, nataka kufanya kazi benki. Hela ya kwenda kuishi Dar sina. Nianze diploma chuo gani hapa Mwanza, halafu baadaye nihamie chuo kikuu?"

Ni swali la mtu mwenye akili. Anataka kulala kwao, ale kwa mama yake, aanze na ada anayoiweza, kisha apande. Na vyuo vipo. CBE wana kampasi hapa, TIA wapo, IFM wapo, Chuo cha Benki Kuu kiko Capri Point, SAUT iko Malimbe. Ukisoma mabango tu unaweza kusema mtoto wa mvuvi ameshafika.

Shida iko kwenye hilo neno moja: nihamie.

Tuelewane jinsi mambo yalivyo. CBE, TIA na IFM wanafuata mfumo wa NACTVET wenye ngazi za NTA. Ngazi ya 4 ni cheti cha awali, ya 6 ni diploma, ya 8 ni shahada. SAUT, Mzumbe na UDSM wako chini ya TCU. Mifumo miwili, wizara moja. Na pande zote mbili zinapima masomo kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kipimo ni kimoja!

Sasa mwenye diploma akiomba shahada inakuwaje? Kwa vigezo vya jumla vya TCU, anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0. Akiwa nayo, anafunguliwa mlango wa mwaka wa kwanza. Narudia: wa kwanza. Anakaa dawati moja na aliyemaliza Form Six juzi. Kuhamisha krediti kupo kwenye miongozo, lakini anayeamua zipokelewe ngapi ni chuo kinachompokea. Kikisema sifuri, ni sifuri.

Dada yangu alimaliza Form Four, akasoma cheti cha benki na fedha, akaunganisha diploma. Miaka mitatu. Ada ilitoka kwenye dagaa za mama pale Mwaloni, Kirumba, gunia kwa gunia. Akamaliza na GPA ya 3.8. Siku anajiandikisha, chuo chake kilimwambia diploma yake inatambulika na anaweza kuhamia chuo kikuu chochote. Ni kweli ilitambulika. Alipofika alikohamia, alipangiwa mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, somo la kwanza: Kanuni za Uhasibu. Somo alilolifaulu kwa A, na kitabu alichokuwa nacho nyumbani kimejaa alama zake za kalamu.

Mama alimuuliza swali ambalo hakuna ofisa yeyote amewahi kulijibu: "Kwa hiyo mwanangu, ile miaka yote tulilipia nini?"

Aliacha katikati ya mwaka wa pili, hela ilipokata. Leo ni wakala wa miamala, amekaa chini ya mwavuli karibu na stendi ya Nyegezi. Ni kazi halali na anaifanya vizuri. Ila kila mteja anayemhudumia nje ni foleni iliyopungua ndani ya tawi, kwenye dirisha ambalo yeye alisomea kukaa.

Watawala watasema ni uzembe wa kuchagua. "Vijana chagueni vyuo vizuri." Haya, tuchague kwa kutumia nini? Nani anachapisha orodha inayosema diploma ya benki ya chuo fulani, ukiipeleka chuo fulani, inapokelewa krediti hizi na hizi? Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Mwaka mmoja kabla yake, kampasi za Songea na Arusha za Chuo Kikuu cha St. Joseph zilifungwa na wanafunzi wake wakahamishiwa vyuo vingine. Kumbe serikali ikitaka, uhamisho unawezekana! Unashindikana pale tu anayeuomba ni mtoto wa dagaa.

Wapo watakaosema tunataka kushusha ubora, kwamba vyuo havilingani na huwezi kupokea krediti za kila mtu. Hoja hiyo ina uzito, siibezi. Lakini ithibati ilitolewa na nani? NACTVET ni chombo cha serikali. Kikisema diploma hii inafaa, serikali imeweka mhuri wake. Haiwezekani mhuri huo utoshe wakati wa kutulipisha ada, ukishafika wakati wa kuhesabiwa masomo uwe hautoshi. Kama chuo hakifai, kifungwe kabla hakijachukua hela ya mtu. Kama kinafaa, masomo yake yahesabiwe. Hakuna njia ya katikati.

Na fedha ndiyo inauma zaidi. Bodi ya Mikopo ilipofungua mikopo ya diploma mwaka wa masomo 2023/24, ilitaja fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi, madini, nishati na kilimo. Benki na fedha haikuwemo. Kwa hiyo diploma unailipia mfukoni, halafu shahada unakopa kwa masomo ambayo mengine ulishayasoma. Ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichowekwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Somo moja umelilipia mara mbili, na la pili unaendelea kulidaiwa.

Tena sekta yenyewe ya benki haikuhakikishii chochote. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mkupuo kwa sababu ya upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa ya ng'ambo yetu hapa ziwani, Benki ya Wakulima Kagera. Mwenye diploma ya benki anahitaji uwezo wa kuhama: kwenda uhasibu, bima, kodi. Cheti kisichohamishika kwenye sekta inayotikisika ni mtumbwi usio na kasia.

Mei 2017, hapo hapo Dar es Salaam, marais wa Afrika Mashariki waliitangaza jumuiya yetu kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu, ili sifa za masomo zivuke mipaka. Ajabu iliyoje. Tunaahidiwa kuvuka ziwa mpaka Kisumu na Kampala, na bado kuvuka kutoka NACTVET kwenda TCU ni kuanza upya.

Mimi nasoma sheria, na mtu wa kwanza kuniambia "twendeni mahakamani" huwa namkatisha tamaa mapema. Ibara ya 11 ya Katiba inazungumzia haki ya kujielimisha mpaka kiwango chochote kulingana na uwezo wa mtu. Inapendeza kuisoma. Lakini Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Maana yake hakuna jaji atakayetuamulia hili. Ni suala la nani anaandika kanuni, yaani ni siasa, yaani ni sisi.

Kwa hiyo tuache kuimba "ajira kwa vijana" bila kipengele hata kimoja. Hilo nawaambia hata viongozi wetu wenyewe. Nataka ilani yetu iseme mambo matatu. Moja: krediti za diploma yenye ithibati zipokelewe kwenye shahada ya fani hiyo hiyo, na chuo kinachozikataa kitoe sababu kwa maandishi. Mbili: kila chuo kichapishe, kabla ya kupokea ada, masomo yake yanapokelewa wapi na kwa kiasi gani. Tatu: diploma za biashara na fedha ziingie kwenye mikopo kwa mwanafunzi asiye na uwezo.

Na wewe mdogo wangu uliyeniandikia, usisubiri ilani. Kabla hujalipa hata shilingi, nenda kwenye chuo kikuu unachotaka kuhamia, siyo unachoanzia. Uliza: diploma hii naingia mwaka wa ngapi? Masomo gani sitayarudia? Naomba mniandikie. Wakikataa kuandika, piga picha tangazo lao, hifadhi, tuletee tawini. Tukiwa na karatasi mia moja za namna hiyo kutoka kanda yote ya ziwa, atafutwe waziri wa kutuambia kwamba tatizo letu ni kutojua kuchagua.