Neno na Sahibu Yake

Katika Ramadhani moja iliyopita, kijana mmoja miongoni mwa wanafunzi wetu alituonyesha insha ya Kiingereza aliyoiandikia skuli. Ndani yake mlikuwa na maneno haya: "I broke my fast with my father." Nasi, kwa uchache wa Kiingereza chetu, twajua kuwa "break" ni kuvunja. Tukamkemea mbele ya wenzake, kuwa ameivunja saumu yake na kumtangaza babake kwa kosa lilo hilo. Kijana akanyamaza, na machozi yakamlengalenga.

Baadaye tulimwuliza mwalimu wa skuli, akatufahamisha kuwa Mwingereza hasemi "kufungua" saumu kama tusemavyo sisi. Yeye husema "kuvunja", na muradi wake ni kufuturu jua lichwapo. Hata chakula chake cha asubuhi, "breakfast", asili ya jina lake ni kuvunja mfungo wa usiku. Na alaye mchana kwa kusudi naye huweza kuambiwa neno lilo hilo. Maneno yanayolizunguka ndiyo yapambanuayo. Basi kosa lilikuwa letu. Tukamtaka radhi kijana yule mbele ya wale wale waliosikia tukimkemea.

Enyi wazazi na vijana, kila lugha ina maneno yaliyozoeana, hili halendi ila na lile. Sisi twapiga simu, twapiga pasi, twapiga picha, wala hatujamgusa mtu. Mgeni akilifasiri "piga" peke yake atadhani sisi ni watu wa ugomvi. Nasi ndivyo tufanyavyo katika Kiingereza tunapofasiri neno moja moja.

Kwetu "kufanya" latosha kwa kazi na kwa kosa. Kwao kazi ya skuli ni "do homework", lakini kosa ni "make a mistake". Sisi twanywa dawa, ijapokuwa ni vidonge. Wao huitwaa, "take medicine". Mvua kubwa kwao ni nzito, "heavy rain", na chai iliyokolea majani ni yenye nguvu, "strong tea". Kusema kweli ni "tell the truth", si "say the truth". Pengine twakutana: sisi twavunja ahadi, nao husema "break a promise", na kote ni jambo la kulaumiwa. Lakini kukutana huko kusitughuri tukadhani kila pahali ni hivyo.

Mwalimu A. S. Hornby, aliyesomesha Kiingereza huko Japani, pamoja na wenzake waliwatungia wanafunzi kamusi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, ikachapishwa na Oxford mwaka 1948. Kamusi za namna hiyo zingaliko, na humwonyesha msomaji neno ndani ya sentensi. Basi kijana na awe na daftari, asiandike "break" peke yake, bali aliandike pamoja na sahibu yake, kisha atunge sentensi yake mwenyewe.

Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit kujifunza maandishi ya Mayahudi, ili barua zisomwe na ziandikwe kwa uaminifu. Lugha ya watu ni amana: asiyeijua vyema huweza kumdhania mwenziwe ubaya, kama tulivyomdhania sisi mtoto aliyekuwa amefunga. Mwenyezi Mungu atusamehe, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.