Nani Alisema Ukifika 25 Umechelewa?

Wadau, kuna hesabu moja imeniudhi na leo lazima tuiongelee. Unaijua. Kijana wa miaka 22 amesimama kando ya gari, miwani ya jua usiku, anakuambia kama umefika 25 na huna ploti, gari na biashara tatu, basi wewe ulizaliwa kusindikiza wengine. Mimi hutengeneza kontenti, kwa hivyo najua venye video kama hizo hupikwa. Gari ni la msee mwingine. Lakini si gari limenikera, ni hiyo 25. Nani aliiweka hapo?

Na kabla mnijazie inbox: ndiyo, niliacha chuo mwaka wa pili juu karo ilikata. Kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Si wewe uliacha na uko sawa, kwani shule ni ya nini?" Buda, usinigeuze bango. Kuacha chuo hakukunifanya mwerevu. Kulinifanya mtu asiye na karo.

Sasa nawaletea mtu ambaye angeicheka hiyo hesabu. Anaitwa Janet Rowley, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1925. Huyu mama alibadilisha venye dunia inaelewa saratani ya damu. Alipofanya hivyo alikuwa anakaribia miaka 48, ana watoto wanne wa kiume, na kwa miaka mingi alikuwa ameajiriwa kazi ya siku chache tu kwa wiki.

Kichwa alikuwa nacho tangu zamani. Aliingia Chuo Kikuu cha Chicago akiwa na miaka 15, kwa ufadhili. Alipotaka kusomea udaktari hapo hapo akaambiwa ngoja kwanza: darasa la watu 65 lilikuwa na nafasi 3 tu za wanawake, na zilikuwa zimejaa. Akangoja miezi tisa. Akahitimu 1948, kesho yake akaolewa. Baada ya hapo, miaka ikaenda akifanya kliniki siku kadhaa kwa wiki, siku zilizobaki yuko nyumbani na watoto. Angekuwa mtaani kwetu, majirani wangeshamaliza kesi: huyo naye alisoma bure.

Mwaka 1961 mume wake, ambaye pia alikuwa mtafiti, alienda Oxford, Uingereza. Rowley akaenda naye, na huko akajifunza mbinu mpya za kuchunguza kromosomu. Kwa wale walilala darasa la bayolojia: kromosomu ni nyuzi zilizo ndani ya seli, ndizo hubeba jeni. Binadamu ana jozi 23, na wanasayansi wamezipa nambari.

Waliporudi Chicago alimwendea daktari aliyemjua, Leon Jacobson, na ombi la ajabu kidogo. Nataka kufanya utafiti, lakini nusu muda. Nipe maikroskopu, nafasi ya kufanyia kazi, na mshahara wa kutosha kulipa mtu wa kuniangalilia watoto. Jacobson akakubali. Shikilia hapo, nitarudi.

Karibu miaka kumi ikapita bila kishindo. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 70 zikaja rangi mpya za kutia kromosomu, na ghafla kila moja ikaonekana na mistari yake, kama namba ya gari. Rowley alikuwa anapiga picha za kromosomu za wagonjwa, anazibeba nyumbani, anazikata kwa makasi na kuzipanga kwa meza ya kulia chakula. Watoto wake walimtania kuwa mama analipwa kucheza na midoli ya karatasi.

Hapo mezani ndipo mambo yalitokea. Tangu 1960 ilijulikana kwamba wagonjwa wa aina moja ya lukemia, ile ya pole pole inayoitwa CML, wana kromosomu nambari 22 fupi kuliko kawaida. Iligunduliwa Philadelphia, ikapewa jina la huo mji. Watu wengi waliamini kipande kimekatika na kupotea tu. Rowley akaangalia picha zake na kuona kitu kingine: nambari 9 ya hao wagonjwa ilikuwa ndefu kupita kiasi, na urefu uliozidi ulikuwa karibu sawa na kile kipande kilichokosekana kwa 22. Hakikupotea. Kilihamia nyumba ya jirani. Tayari mwaka 1972 alikuwa ameona mchezo kama huo kati ya nambari 8 na 21 kwa wagonjwa wa lukemia nyingine, ile kali. Hiyo ya 9 na 22 ikachapishwa kwa jarida la Nature mwaka 1973.

Unafikiri walimpigia makofi? Wengi waliona hizo kromosomu zilizovurugika ni takataka tu ambayo saratani huacha nyuma, si chanzo chake. Rowley akaendelea kukata picha. Mwaka 1977 yeye na wenzake wakaeleza nyingine, ya 15 na 17, kwa lukemia ya aina ya tatu. Ukiona ugonjwa uleule unakuja na mabadilishano yaleyale, mgonjwa baada ya mgonjwa, hiyo si takataka tena. Ni alama ya vidole.

Miaka ya 80 wanasayansi wakaingia ndani zaidi. Kumbe kipande kinapohama kati ya 9 na 22, jeni mbili ambazo hazikufaa kukutana zinaunganishwa, na zinatengeneza protini inayoiambia seli izaliane bila kusimama. Ni kama swichi imekwama ikiwa imewashwa. Sasa kama unajua swichi iko wapi, unaweza kutafuta dawa ya kuizima. Mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha imatinib, wengi wanaijua kama Glivec. Ni kidonge. CML, ambayo ilikuwa inaua watu wengi ndani ya miaka michache, ikawa ugonjwa ambao wengi wanaishi nao wakimeza dawa kila siku. Kenya nayo kuna wagonjwa waliopata hizo dawa bure kupitia mpango wa msaada. Kwa hivyo usiniambie hii ni stori ya wazungu na haituhusu. Halafu kuna saratani ya Burkitt, ile huvimbisha taya za watoto, sana sana maeneo ya Ziwa Victoria, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Hiyo pia ni jeni iliyohama, mara nyingi kati ya 8 na 14.

Mwaka 2009 Rais Obama, ndiyo, huyo wetu wa Kogelo kwa baba, alimvisha Rowley nishani ya juu kabisa ya raia Marekani. Desmond Tutu alikuwa kwenye orodha hiyohiyo. Rowley alikuwa na miaka 84. Alifariki Desemba 2013.

Sasa najua mwenye atachukua hii stori aiweke na muziki wa huzuni na maneno, "Usikate tamaa, wakati wako unakuja." Tafadhali usifanye hivyo. Kuvumilia peke yake hakukumtoa. Alikuwa na mume mwenye kazi ya chuo, pesa ya yaya, na mtu aliyemfungulia maabara bila kumwambia arudi watoto wakikua. Ondoa Jacobson kwa hii stori na unabaki na mama mwerevu anayekata karatasi nyumbani bila maikroskopu. Tunao wengi hivyo Nairobi, ni vile hatuwaandiki.

Niko na binamu yangu. Alikuwa anasomea biokemia, akapata mtoto mwaka wa tatu, akaahirisha masomo. Sasa ni miaka miwili. Kwa mikutano ya familia anaongelewa kama marehemu: "alikuwa mkali sana." Alikuwa? Si ameketi hapo anamenya viazi! Ana miaka 24. Alipouliza kama anaweza kurudi kufanya vipindi vya maabara siku tatu kwa wiki, aliambiwa sayansi si ya watu wa nusu nusu. Huyo mtu wa ofisi hajui kuwa anaongea vibaya kuhusu mtu mwenye nishani ya Obama.

Mimi sitaki kumtumia binamu yangu video ya kumtia moyo. Moyo anao, kinachokosekana ni ratiba, karo na mtu wa kushika mtoto. Serikali ikiongea kuhusu vijana na sayansi, mimi nataka kusikia hayo matatu, si kongamano lingine lenye fulana za bure. Na nyinyi mnaosema mtu wa 25 amechelewa, endeleeni tu kukodi magari.

Kama wewe ni lekchara na maabara yako ina maikroskopu inayokaa imefunikwa tangu Ijumaa hadi Jumatatu, niandikie inbox. Niko na mtu wa siku tatu kwa wiki. Mtoto tutamshika mimi na shosho.