Mwenye Studio Haombi Ruhusa

Kuna watu wamejipa kazi ya uaskari wa lugha. Kijana akiimba mstari mmoja kwa Kiswahili na wa pili kwa Kiingereza, wameshamtoza faini: eti kauza utamaduni, eti anajipendekeza kwa Wanaijeria. Mimi nasema, na wa kununa anune, kelele zote hizo zimeruka swali moja la maana. Studio ni ya nani?

Wachukueni Navy Kenzo. Ni wawili tu, Aika na Nahreel. Walikutana India wakiwa wanafunzi, wakapitia kundi la Pah One, mwisho wakabaki wawili. Nahreel ndiye aliyetengeneza "Nana" ya Diamond Platnumz mwaka 2015. Fundi wa namna hiyo angeweza kukaa zake kimya, akalipwa biti moja moja, maisha yakaenda. Wapi! Wakafungua The Industry, studio yao wenyewe, wakarekodi humo na kuwaingiza wengine, Rosa Ree akiwemo. "Game", waliyoimba na Vanessa Mdee, ilitoka 2015. Mwaka uliofuata ikaja "Kamatia Chini", na hapo hata waliokuwa wanawabeza wakawa wanaicheza harusini.

Sisemi kila mstari wao ni dhahabu. Kiingereza chao mahali pengine ni chepesi, maneno ya disko ambayo yeyote angeyasema. Utamu uko pale Kiswahili kinapoingia na kuikamata ngoma kiunoni. Lakini hilo ni suala la ladha, tunaweza kubishana hadi asubuhi. Uhalali wa kuchanganya ni suala lingine, na huko ndiko askari wetu wanakoshindwa.

Dancehall yao ni ndugu wa damu na reggaeton, na ukoo huo wote ni wa kuchanganya. Mjamaika Shabba Ranks alitoa "Dem Bow" mwanzoni mwa miaka ya 1990. El General wa Panama alikuwa anaimba Kihispania juu ya midundo ya Jamaika. Vijana wa Puerto Rico wakaudaka mdundo, wakawa wanauziana kaseti mkono kwa mkono, hadi mwaka 1995 polisi wakavamia maduka ya muziki na kuzibeba. Uchafu, waliambiwa. Miaka tisa baadaye "Gasolina" ya Daddy Yankee ikapigwa dunia nzima, na jamaa alikuwa na lebo yake mwenyewe, El Cartel. Sijui wale polisi walizipeleka wapi zile kaseti!

Na kwetu je? Siti binti Saad aliikuta taarabu ya Unguja inaimbwa Kiarabu, akaiimba Kiswahili. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za HMV. Nani leo atathubutu kusema bibi yule alichafua kitu? Kinachoniuma mimi kwa habari ya Siti ni kwamba sauti ilikuwa yake, lakini mashine na kampuni vilikuwa vya wengine. Aika na Nahreel walitoka India ileile wakaja kujenga ya kwao. Safari imefanana, umiliki umegeuka. Hilo ndilo la kuandikia magazetini, siyo sijui wametamka "baby" mara ngapi.

Halafu tuambizane ukweli, hao wanaotukemea ndio waliotulea hivi. Nchi hii inamfundisha mtoto kwa Kiswahili shule ya msingi yote, akifika kidato cha kwanza inambadilikia: baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, mtihani kwa Kiingereza. Miaka minne unamlazimisha aishi katika lugha mbili. Akitoka na kuimba kwa hizo hizo mbili, unashangaa nini? Huku Majimoto ndiyo usiseme. Mtu anaamka na Kipimbwe cha nyumbani, anauza mchele kwa Kisukuma, anasali kwa Kiswahili, na simu yake inamwongelesha Kiingereza. Na hakuna anayeugua.

Waandishi chipukizi wenzangu, haya yanatuhusu kuliko wanamuziki. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu miezi kumi na moja, kisha akanijulisha kwamba hadithi ni nzuri ila niondoe "lugha ya vijiweni". Alitaka dereva wangu wa bodaboda aseme kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Fikiria mtu kapasukiwa tairi saa nne za usiku njia ya Mpanda, halafu aseme "ama kwa hakika nimefikwa na masaibu". Bwana we! Abiria mwenyewe angeshuka aende kwa miguu.

Wenzetu waliotangulia waliliona hili. Elvis Musiba, yule wa "Kufa na Kupona" ya 1974, na Ben Mtobwa, aliyeanzisha Heko Publishers, waliitwa waandishi wa vitabu vya mtaani, na wakubwa wakawatazama kwa kona ya jicho. Watu lakini wakasoma, vitabu vikazunguka mabasini na mabwenini hadi majalada yakatoka. Mtobwa hakungoja mlango ufunguliwe, alinunua kitasa.

Nawashangaa pia wenzetu wanaoiga Navy Kenzo kwa miwani na Kiingereza tu. Hesabu za studio hawazitaki, wala usiku wa kukaa kwenye kompyuta. Hao wataimba lugha kumi na bado wataishia kwenye foleni ya mtu mwingine.

Mswada wangu sijaurudisha kule. Nimeuchapa upya kwa kompyuta ya kuazima, na nakala hamsini za mwanzo nazitolea fotokopi Mpanda mjini, nabana pini mwenyewe. Dereva wa bodaboda yuko ukurasa wa tatu, tairi limepasuka, na amesema "noma".