Cheti Hakichuji Uongo

Kuna imani iliyoota mizizi katika semina, makanisa na mikutano ya wazazi, kwamba uongo wa mitandaoni ni ugonjwa wa wasiosoma. Dawa yake, tunaambiwa, ni kumpeleka mtoto shule, na siku hizi kumtia tableti mkononi, basi mengine yatajinyoosha yenyewe. Utaisikia kauli hii Ntimaru, utaisikia Migori mjini, utaisikia Homa Bay kutoka kwa watu wenye digrii mbili. Naipinga. Uongo uliotuumiza zaidi ulitungwa na waliosoma, ukapokelewa na waliosoma, na ukaaminika kwa sababu waliousema walikuwa wamesoma.

Chukua mwaka wa 2014. Serikali ya Kenya ilikuwa inawachanja wanawake wa miaka 14 hadi 49 dhidi ya pepopunda, ugonjwa unaoua watoto wachanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu. Maaskofu Wakatoliki wakatangaza kwamba chanjo hiyo imetiwa homoni ya hCG ili kuwafunga wanawake kizazi. Hawakuja na ndoto wala ramli. Walikuja na madaktari na matokeo ya maabara yenye tarakimu. Wizara ya Afya ikakanusha, WHO na UNICEF wakakanusha, wakaeleza kwamba vipimo vilivyotumika ni vya damu na mkojo wa binadamu, kwa hiyo havifai kupima dawa iliyo ndani ya chupa. Maelezo hayo yalikuja nyuma, polepole, kwa lugha ya ofisini. Tuhuma ilikuwa imeshatangulia vijijini. Mama aliyemaliza kidato cha nne angeuliza swali gani, ikiwa tangu chekechea alituzwa kwa kurudia alichosema mwenye chaki? Askofu kasema. Daktari kasema. Maabara imethibitisha. Mtihani umekwisha.

Halafu ikaja Mei 2020, na hapa Ntimaru ina ushahidi kuliko Nairobi. Mpaka wa Tanzania uko karibu kiasi kwamba shangazi wa ng'ambo anapigiwa simu kama jirani. Waingereza na Wajerumani walipokubaliana juu ya mstari huo mwaka wa 1886, hawakumuuliza Mkuria yeyote. Wakuria wa ukoo wa Wairege wakajikuta pande zote mbili, na mpaka leo wanaoana, wanauziana mifugo na kuzikana. Basi tarehe 3 Mei 2020 Rais Magufuli wa Tanzania akaliambia taifa lake kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopewa majina ya watu na kupelekwa maabara kwa siri, zimeonekana kuwa na virusi vya korona. Siku chache baadaye hesabu ya Tanzania ikafikia wagonjwa 509. Baada ya hapo takwimu zikakoma. Upande wa Kenya, wizara ikawa inasoma idadi ya wagonjwa kila siku, na tarehe 16 Mei Rais Kenyatta akaufunga mpaka.

Ukoo mmoja, kweli mbili. Huku kafyu na mazishi ya watu wachache, kule ibada na soko kama kawaida. Na aliyetilia shaka vipimo kule alikuwa na shahada ya uzamivu katika kemia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam! Anayesema uongo ni tatizo la wasiosoma anieleze hilo. Tena asiwanyoshee Watanzania kidole cha dharau, maana Machi 2021 Chama cha Madaktari Wakatoliki cha Kenya kiliwaambia Wakenya wasichanjwe dhidi ya korona, na safari hii ni maaskofu wenyewe waliojitenga nacho.

Kilichoniuma wakati ule ni jinsi watu walivyochagua la kuamini. Wa huku waliamini redio ya huku, wa kule waliamini ya kule, kama mtu anavyoshabikia timu. Hakuna aliyewafundisha kuziweka taarifa mbili mezani na kuuliza: nani alichukua hizo sampuli, kuna maabara nyingine iliyorudia kipimo, nani anapata nini tukiamini hivi? Hilo swali la mwisho ndilo chumvi ya somo lote.

Watetezi wa cheti wana jibu lao: kizazi kipya ni tofauti, kimezaliwa na simu mkononi. Hebu wangoje msimu wa mtihani wa KCSE wa kidato cha nne. Kila mwaka Baraza la Mitihani hutoa onyo kuhusu matapeli wanaouza mitihani bandia kwenye Telegram, na kila mwaka wanunuzi hawakosekani. Mnunuzi ni mtahiniwa aliyekaa darasani zaidi ya miaka kumi, wakati mwingine kwa pesa za mzazi mwenye kazi ya mshahara. Anajua kufungua programu, kujiunga na chaneli na kutuma pesa kwa sekunde chache. Asichojua ni kujiuliza kwa nini mtu mwenye mtihani halisi aufanyie biashara mbele ya maelfu ya wageni.

Hivyo ndivyo tulivyopotea na vifaa pia. Mwaka wa 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa darasa la kwanza, mwaka wa 2016 zikaanza kuja tableti, na katika shule nyingi zikaishia kabatini. Mtaala wa umilisi (CBC) umeandika vizuri kabisa: ujuzi wa kidijitali ni umilisi wa kimsingi, uraia nao vilevile, kuwaza kwa kina vilevile. Lakini ingia darasani uone umilisi huo unavyofundishwa. Mtoto anakariri sehemu za kompyuta. Anachora bendera za Afrika Mashariki. Anapata alama zake.

Katika kufuata chanzo, wazee wa Kikuria wangemshinda mtoto huyo. Ng'ombe akiibwa usiku, hawaanzi kwa kumtaja mwizi. Wanaanza kwa kutafuta kwato. Wanainama, wanaangalia kama alama ni mbichi, wanazifuata boma kwa boma, na zikiishia mahali, wenyeji wa hapo wanaulizwa. Ujumbe wa WhatsApp wenye vile vishale viwili vya kusambazwa mara nyingi unastahili kufuatwa hivyo hivyo: wewe ulipewa na nani, naye alipewa na nani, wa kwanza aliona au alisikia? Mwalimu wa gredi ya nane anaweza kuendesha somo hilo kwa simu moja, ubao na taarifa mbili za tukio moja, moja ya Nairobi na moja ya Dar es Salaam. Hahitaji mtambo wowote. Anahitaji ruhusa ya kuulizwa na mwanafunzi, "Mwalimu, umejuaje?" bila kuona kwamba amevunjiwa heshima.

Na ule uraia wa kwenye mtaala, hata uraia wa dunia ambao wengi wanadhani ni mambo ya wenye pasipoti, Ntimaru unaanzia njia ya panya. Kila Desemba ya msimu wa tohara kuna wasichana wanaovushwa mpaka ili wakeketwe, na kinachonong'onwa ni kwamba sheria ya Kenya inaishia kwenye mpaka. Si kweli. Sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji inamfuata raia wa Kenya hata akifanya kitendo hicho nje ya nchi. Msichana wa miaka 13 anayejua hilo, na anayejua pa kulisoma, ana ngao ambayo wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hauwezi kumpa.

Najua hofu inayofichwa nyuma ya imani hii ya cheti. Mtoto akizoea kuuliza chanzo cha video, kesho atamuuliza mhubiri kuhusu muujiza, na keshokutwa atamuuliza chifu orodha ya basari ilibandikwa wapi na ni nani waliopata. Ndiyo, atauliza. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamtaka ofisa wa umma aamue ombi lake ndani ya siku 21. Mzazi wake anaweza kuiandika barua hiyo kwa Kiswahili, leo, bila wakili.